Kila Ukiita Mtu, Naitika Mimi

Tusekile mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi ulipokuwa unatafuta kitana changu, ukakipata, ukaondoka nacho, kwa hiyo naziruka. Uko saluni kwa Mama Zawadi unasukwa. Kwa wingi wa nywele zako na kwa jinsi Mama Zawadi anavyopenda kuongea, ninao muda wa kuandika barua hii na kuivisha maharage pia. Nitaiweka ndani ya begi lako, juu ya shuka. Usiisome hapa nyumbani. Isome basi likishapita Mlowo, mahali ambapo huwezi tena kushuka ukarudi kunigombeza.

Nianze na jambo lenyewe, maana hupendi kuzungushwa. Juzi nilipokwenda kukukatia tiketi ya Dodoma, nilikata mbili. Ya pili ni yangu. Viti vinafuatana, wewe dirishani, mimi pembeni yako. Nilipanga kesho nipande ndani kama mtu anayekusaidia kupanga mizigo, halafu nisishuke. Wewe umeshasema mara nyingi kwamba unataka kwenda peke yako, nami niliitikia kwa kichwa, lakini kichwa changu unakijua. Baba yako aliponiuliza Tuse akikasirika itakuwaje, nilimwambia basi likishaondoka limeondoka. Akanitazama, akarudi kwenye breki zake za malori. Sasa tiketi iko mkobani mwangu, na nataka hii barua ikifika mwisho niwe nimejua kama naitumia au siitumii.

Habari za kufunga mlango, kuchemsha maji na kuvaa sweta siandiki. Nimekuimbia hizo tangu unaota meno, na kama hazikuingia, basi tena. Nataka kujibu swali lako. Uliporudi kutoka kwenye usaili wa hiyo kazi ya kompyuta unayoiendea Dodoma ulikuwa umenuna kama mtu aliyeibiwa viatu kanisani. Walikuuliza hivi: programu ikiwa inaendeshwa, ikahitaji kazi iliyoandikwa kwenye faili la mtu mwingine, inajuaje kazi hiyo iko wapi? Na wewe, msomi wangu, ukawajibu kwamba kompyuta inajua yenyewe. Loh! Kazi wamekupa hata hivyo, sijui wamekuonea huruma au wamependa tabasamu. Ukaniomba nikueleze, mimi niliyeanza kuandika programu wewe bado unanyonya. Kabla sijafungua mdomo tukagombana kuhusu zile simu nilizowapigia watu wa Dodoma, na swali likabaki njiani.

Haya, sikiliza. Kompyuta haijui chochote yenyewe. Ukiandika programu, huandiki kila kitu kuanzia mwanzo. Kuchapa maneno, kusoma saa, kufungua faili, watu walishaziandika hizo kazi zamani. Kila kazi ikapewa jina, zikakusanywa kwenye mafaili tunayoyaita maktaba, na programu zote za mashine hiyo zinazitumia kwa pamoja. Programu yako haizibebi tumboni. Inabeba majina tu, majina ya maktaba inazozihitaji na majina ya kazi itakazoziita. Ndiyo maana inakuwa nyepesi.

Ukiiwasha, kabla haijafanya lolote, kuna programu nyingine ndogo inayotangulia. Mimi huiita mtafutaji. Mtafutaji anasoma ni maktaba gani zinatakiwa, anazisaka sehemu anazozijua, anazipandisha kwenye kumbukumbu ya mashine. Maktaba moja ikikosekana anagoma palepale, anakutajia jina la iliyokosekana, na programu haianzi. Zikipatikana zote, tunaanza safari. Lakini kila kazi imekaa kwenye anwani gani ndani ya kumbukumbu, hapo programu bado haijui.

Utamu uko hapa. Programu inacho kijedwali chenye nafasi moja kwa kila kazi ya nje inayoweza kuiita. Mwanzoni nafasi hizo hazina anwani za kweli, zote zinaishia kwa mtafutaji. Programu ikiita kazi kwa mara ya kwanza, tuseme kazi inaitwa "chapa", inaangukia kwake. Yeye anapita kwenye maktaba moja baada ya nyingine kwa foleni. Wewe unayo chapa? Sina. Wewe je? Ninayo. Basi, ya kwanza kuitika ndiyo hiyo, hata kama nyuma kuna nyingine yenye jina lilelile na nzuri kuliko hiyo. Anaandika anwani yake kwenye kijedwali na kazi inafanyika. Mara ya pili programu inakwenda moja kwa moja, haimsumbui mtafutaji tena. Na kazi isiyoitwa haitafutwi kabisa.

Nilipokuja Tunduma kuolewa ndivyo nilivyoishi. Bibi yako mzaa mama alinisindikiza mpaka pale Isongole magari yanapopakia, akaniambia utahitaji mashine ya kusaga, zahanati na mtu wa kucheka naye, halafu akageuka akarudi shambani kwa sababu maharage yalikuwa na magugu. Hakunipa namba ya mtu hata mmoja. Siku ya kwanza nilipotaka kusaga nilimuuliza mwanamke niliyekutana naye njiani, na mashine aliyonionyesha ndiyo ninayosagisha mpaka leo. Wa kucheka naye nilichelewa kumpata. Nilimwita kila jirani moyoni na hakuna aliyeitika, mpaka siku Mama Zawadi alipodondosha ndoo ya unga mlangoni kwangu. Nilimnunia bibi yako muda mrefu kwa kuyapenda magugu kuliko mimi.

Kwa hiyo nilipokuzaa wewe nikaapa nitafanya tofauti. Na usidhani mambo ya kompyuta hayaniungi mkono. Ipo njia nyingine ambayo mtafutaji anaamriwa atafute anwani za kazi zote mwanzoni kabisa, programu haijapiga hata hatua. Inachelewa kuanza, lakini kama kuna jina lisilopatikana, unalijua ukiwa bado nyumbani, siyo ukiwa porini. Siku hizi mifumo mingi inapenda njia hiyo kwa ajili ya usalama, maana kijedwali kikishajazwa kinafungwa, mwizi hawezi kukichezea. Kwa hiyo mimi si mama wa kizamani.

Ila shida yangu haikuwa hiyo, na nimeijua nikiwa naandika hapa. Ngoja nikusimulie sendofu ya shangazi yako Subira, ile sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Ulikuwa mdogo, unachokumbuka wewe ni soda.

Unajua duka langu la kuchapa liko ukuta kwa ukuta na yadi ya malori. Kompyuta ilikuwa moja. Kwa mashine hiyohiyo nilichapa kadi za mialiko na pia namba za foleni za madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia. Programu zote mbili niliziandika mwenyewe, kila moja na maktaba yake. Ndani ya maktaba ya yadi kulikuwa na kazi ya kuandika maneno ya juu ya karatasi, nikaiita "kichwa". Ndani ya maktaba ya kadi nako kulikuwa na kazi ya namna hiyo, nayo nikaiita "kichwa". Sisi wa huku hatuna makuu kwenye majina. Jirani akimwita mwanawe Tusekile na wewe una Tusekile, mnafurahi, mnaendelea. Na kwa kawaida haikuwa na madhara, kwa sababu programu ya yadi haikuwa na habari na maktaba ya kadi.

Sasa zipo amri nyingine unazoweza kumpa mtafutaji. Unamwambia, kabla ya maktaba zote, za programu yoyote, anza na hii yangu. Ni dawa nzuri ukitaka kujaribu kitu bila kubomoa cha zamani. Nami nilikuwa nataka kujaribu maua mapya ya kadi ya Subira, nikampa amri hiyo, aanze na maktaba ya kadi, maua yakatoka mazuri, nikafurahi, nikaenda kuonja vitumbua vya jirani. Amri sikuitoa. Kuanzia hapo programu ya yadi ikiita kichwa, inayoitika ni ile ya kadi, kwa sababu ndiyo iliyosimama mbele.

Dereva akiingia yadi alikuwa anapewa karatasi yenye maua pembeni, imeandikwa kwamba familia yetu ina furaha kubwa kumwalika kwenye sendofu ya binti yetu mpendwa Subira, ukumbi fulani, Jumamosi jioni, na chini yake namba yake ya foleni. Karani wa yadi aliziona. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusema, akaniambia alidhani nimeamua kualika.

Mwanangu, wamekuja. Watu waliokaa kwenye malori siku nzima, wanakula mikate mikavu, wanapewa kadi yenye maua, wewe ungebaki kwenye lori? Walioga, wakachomekea mashati, na kwa kuwa karatasi zilikuwa na namba wakajipanga mlangoni kwa kufuata namba. Wazambia, Wakongo, na madereva wetu wa Itaka wanaobeba kahawa. Mshereheshaji akakosa maneno, jambo ambalo halijatokea tena. Upande wa bwana harusi wakadhani ni ndugu zetu, wakaanza kunong'ona kwamba kumbe ukoo ule una uwezo hivi. Sisi tukadhani ni ndugu wa bwana harusi, na bibi yako mzaa baba akaagiza wapewe viti vya mbele.

Nilielewa kilichotokea nilipoona karatasi mkononi mwa dereva mmoja anaitwa Mutale. Nikaona maua yangu. Nikamsogelea nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kumetokea kosa. Akaisoma tena karatasi yake, akanijibu kwa upole wote, akiniita mama kwa Kibemba, "Bamayo, tumekuja kama mlivyotuita."

Ningesema nini? Mgeni njoo mwenyeji apone. Niliingia jikoni nikaamuru nyama zikatwe upya mpaka ukipewa kipande ukimeze hujui umekula nini. Baba yako akazunguka Tunduma nzima kutafuta mchele. Na ulipofika wakati wa kutuza, madereva wakatoka kwa kucheza, mstari mrefu, wa mbele amebeba ndoo ya mafuta ya kupikia kichwani, wa nyuma anaburuta turubai la lori. Subira alilia kwa furaha. Turubai lile ndilo paa la banda lake la kuku mpaka leo, na Mutale kila akipita hapa lazima anywe chai. Ila wakati huo nilitamani ardhi ipasuke, na usiku kucha niliitukana programu, nikitafuta iliharibika wapi.

Haikuharibika popote. Iliita jina sahihi, na maktaba yake ya haki ilikuwepo palepale kwenye foleni, nzima, kazi yake inaijua vizuri. Haikufikiwa tu. Aliyeitika ni yule niliyemweka mbele ya wote na kumsahau.

Hapa ndipo nilipoacha kuandika nikaenda kugeuza maharage, na nikiwa na mwiko mkononi nikakukumbuka juzi. Ulimpigia mama mwenye nyumba wa Dodoma umuulize kama maji yapo. Akakujibu kwamba mama yako alishauliza, na ameshaomba kitanda kisogezwe mbali na dirisha. Ukampigia kiongozi wa kwaya, ukakuta nimeshakuandikisha sauti ya pili. Ukampigia yule msusi uliyepewa na rafiki yako wewe mwenyewe, naye akakuuliza kama wewe ndiye mwenye kichwa kinachouma upande wa kushoto. Ukaweka simu mezani taratibu. Hukupaza sauti.

"Mama," ukasema, "kila nikiita mtu, unaitika wewe."

Nami nikakujibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, jambo ambalo halikuhusiana na lolote, nikaenda jikoni kugonganisha sufuria. Kumbe ulikuwa umeshalijibu swali la usaili vizuri kuliko ningekujibu mimi.

Maana ni kweli. Darasa la nne, siku ya wazazi, mwalimu alikuuliza swali la ramani, na aliyejibu ni mimi kutoka benchi la nyuma, tena nikakosea. Ukiwa mkubwa kidogo, mnyororo wa baiskeli ulikatika, ukaita "Baba!" mpaka majirani wakasikia. Baba yako alikuwa hapo hapo uani, fundi, spana iko mkononi. Nikatoka mbio na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko nikaishika mimi ile baiskeli. Tangu siku hiyo haijawahi kukanyagika bila kulia. Baba yako alisimama akatutazama, akarudisha spana kwenye sanduku. Sura yake ile naiona leo kwa mara ya kwanza, na imeniuma. Alikuwa ameitwa yeye.

Nilikufanyia hivyo kwa kukupenda, Tuse, hilo usilitilie shaka. Lakini nina woga pia, na bora niuseme. Ile njia ya kutafuta kitu pale unapokiita ina ubaya wake mmoja. Programu inaweza kwenda vizuri kabisa, halafu ikaita jina ambalo halipo kwenye maktaba yoyote, na ikafa palepale katikati ya kazi. Naogopa siku utakayokuwa mgonjwa, au umeonewa kazini, ukaita na Dodoma nzima ikanyamaza. Nikiwaza hivyo ndipo nanyanyua simu. Ndipo nakata tiketi mbili.

Ila maktaba ya kadi haikuwa na dhambi kwa kuwepo. Dhambi ilikuwa pale iliposimama. Kwa hiyo nakuomba neno moja. Usinifute. Nitoe pale mbele, unipeleke mwisho wa foleni, nyuma ya mwenye nyumba, nyuma ya wanakwaya, nyuma ya rafiki utakaompata na hata huyo kijana ambaye unadhani sijui habari zake. Waite wao kwanza. Wakiitika, waandike kwenye kijedwali chako, na mimi usinisumbue, niko na maharage yangu. Wakikosekana wote mpaka wa mwisho, utanikuta. Hata kama ni kwa lori la Mutale, nitafika.

Nimemwita baba yako sasa hivi. Nimempa tiketi yangu airudishe kwa wakala. Aliishika akaigeuza huku na huku kama anayetafuta maua, halafu akaondoka haraka kabla sijabadilisha nia. Nimekaa hapa mlangoni nachungulia njia.

Amerudi. Anasema kiti hakikukaa hata dakika, kuna mama mmoja alikuwa amesimama pale dirishani kwa wakala anahangaikia nafasi, ana ndoo ya maparachichi, amekichukua. Nikamuuliza ni mama gani, mtu wa wapi, anashukia wapi, anakoroma? Baba yako akavua kofia.

"Mama Tuse," akasema, "mimi nimerudisha tiketi tu."

Nikafungua mdomo kumwambia arudi akaulize. Nikaufunga. Kesho nitakusindikiza mpaka mlangoni mwa basi, na nitavaa kandambili na kanga ya jikoni, ili uone kwa macho yako kwamba sisafiri. Nikilia usijali, nitakuwa nalia nikiwa nimesimama chini. Ukishakaa, pembeni yako kutakuwa na mtu ambaye mimi sikumpigia simu. Jina lake silijui.

Utamuuliza wewe.

Wako wa mwisho kwenye foleni,
Mama